Sijui ya Huygens

Mwaka jana niliandika makala kuhusu miwani ya jua. Mteja alikuwa anauza miwani mtandaoni, na alitaka maneno mia nane ya kueleza kwa nini kuna miwani inayokata ule mng'aro wa lami na kuna mingine, hata iwe nyeusi tititi, haisaidii kitu. Akaniuliza kwa WhatsApp: "Haya mambo ya mwanga unayajua?" Nikajibu kabla sijafika mwisho wa swali: "Sana."

Sikuyajua. Fizikia niliiacha kidato cha pili, siku ile tuliyoruhusiwa kuchagua masomo. Lakini kodi ilikuwa inakaribia, na katika hii kazi yetu ya kuandika kwa kipande, mtu akikuuliza kama unajua kitu, jibu ni moja tu. Ukisema hujui, kuna wenzako mia nyuma yako wanaojua. Au wanaosema wanajua. Kwa hivyo niliketi, nikapitia kurasa mbili tatu juu juu, nikaandika kwamba siri yote iko kwenye weusi wa lenzi: kadiri ilivyo nyeusi, ndivyo inavyochuja mng'aro. Mahali fulani nikachomeka neno "kitaalamu". Hilo neno humfanyia kazi kubwa sana mtu asiyejua.

Wiki chache baadaye mteja akanitumia ujumbe wa mnunuzi mmoja, mwendesha boda. Jamaa alikuwa amesoma makala yangu, akanunua ile miwani nyeusi kuliko zote, na bado jua la jioni likipiga lami iliyolowa linamchoma macho vilevile. Tofauti ni kwamba sasa hata mashimo hayaoni vizuri. Hakutukana. Aliuliza tu: "Kwani aliyeandika hii kitu alikuwa anajua?"

Mteja hakudai pesa zake, na pia hakunipa kazi tena. Hayo nimeyasahau. Swali la jamaa wa boda sijalisahau, kwa sababu mtu alichukua neno langu, akaenda nalo barabarani.

Nilipoanza kutafuta jibu la kweli, safari hii bila kulipwa, nikaishia Uholanzi ya karne ya 17, kwa mtu anayeitwa Christiaan Huygens. Nilimwendea kwa sababu ya mwanga. Kilichonishika ni mahali katika kitabu chake anaposema, bila kuzunguka, kwamba hajui.

*

Huygens alizaliwa The Hague tarehe 14 Aprili 1629, kwenye nyumba ya watu wenye nafasi. Baba yake, Constantijn, alikuwa mshairi na katibu wa wakuu wa ukoo wa Orange, na mwanafalsafa Descartes alikuwa rafiki wa nyumba hiyo. Mwaka 1645 kijana alipelekwa Chuo Kikuu cha Leiden kusomea sheria na hisabati, kwa matumaini kwamba angefuata njia ya baba na kuwa mtu wa ubalozi. Akafuata vioo. Yeye na kaka yake walikuwa wakisugua lenzi kwa mikono yao, wakaunda darubini, na tarehe 25 Machi 1655 akaona mwezi wa sayari ya Zohali ambao leo tunauita Titan. Mwaka uliofuata akabuni saa ya pendulamu. Saa za kabla yake zilikuwa zinapotea dakika nyingi kwa siku. Yake ilishusha kosa hilo likawa chini ya dakika moja. Kufikia 1666 serikali ya mfalme Louis wa 14 ilikuwa imemwita Paris, katika chuo kipya cha wanasayansi, akapewa posho na makao ndani ya maktaba ya mfalme.

Swali lililomsumbua huko ni la kitoto kabisa: mwanga ni nini? Wakati huo wengi walifikiri ni kitu kinachorushwa, kama kokoto ndogo kutoka kwenye jua hadi jichoni. Huygens alisema hapana. Miale miwili ikikutana angani inapitana bila kugongana. Wewe unaniona na mimi nakuona kwa wakati mmoja na macho hayaumii. Kokoto hazifanyi hivyo. Mawimbi ndiyo hufanya hivyo.

Kisha akaongeza wazo ambalo bado linafundishwa kwa jina lake. Kila nukta ambayo wimbi limeifikia inakuwa chanzo cha wimbi jingine dogo, na hayo mawimbi madogo yakijumlishwa ndiyo yanayounda ukingo wa wimbi linalosonga mbele. Fikiria habari ya mtaani. Haitoki kwa mtu mmoja hadi mwisho wa mtaa. Kila anayeisikia anakuwa mtangazaji, na habari inasonga kwa midomo yote pamoja. Kwa wazo hilo moja na rula na bikari, Huygens alionyesha kwa nini mwanga hurudi kwenye kioo kwa pembe ileile uliyoingia nayo, na kwa nini hupinda ukiingia majini. Ilibidi tu kukubali kwamba ndani ya maji mwanga hupunguza mwendo. Watu wa kokoto walisema huongeza. Mwaka 1850 jambo hilo lilipimwa, na Huygens alikuwa sahihi.

Lakini kulikuwa na jiwe.

*

Mwaka 1669 Mdenmaki mmoja, Rasmus Bartholin, alichapisha habari za fuwele iliyotoka Aisilandi. Ni jiwe angavu kama barafu. Ukiliweka juu ya maandishi, unaona kila herufi mara mbili. Mwale mmoja unaingia, miwili inatoka: mmoja unafuata sheria ya kawaida ya kupinda, mwingine hauifuati. Kwa nadharia yoyote ya mwanga, jiwe hilo lilikuwa shahidi mbaya.

Huygens alihangaika nalo, na mwaka 1677 akafaulu. Ndani ya fuwele hiyo, alisema, mwanga husambaa kwa mawimbi ya aina mbili: moja la duara kamili kama mpira, jingine lililobonyea kama chungwa lililokaliwa. Akapiga hesabu, akapima jiwe, vikaoana. Kwenye daftari lake aliandika neno la Archimedes la Kigiriki, eureka, nimepata, na tarehe pembeni. Ukiwa umewahi kuhangaika na kitu usiku mzima, unajua hilo neno lina uzito gani.

Yangeishia hapo ingekuwa hadithi nzuri ya kuwasimulia watoto. Lakini akafanya jaribio moja zaidi. Alichukua vipande viwili vya fuwele hiyo, akaweka kimoja juu ya kingine kwa nafasi. Kwa akili ya kawaida, mwale mmoja ukigawanyika mara mbili kwenye jiwe la kwanza, kila nusu inapaswa kugawanyika tena kwenye la pili. Haikuwa hivyo. Mawe yakielekea upande mmoja, miale miwili ilipita kwenye jiwe la pili bila kugawanyika tena. Akizungusha jiwe moja robo mzunguko, miale ilibadilishana tabia: wa kawaida ukawa mkaidi, mkaidi ukawa wa kawaida. Katikati ya hapo, ilikuwa minne. Ni kama mwale ulikuwa unakumbuka njia uliyopita, na kujua jiwe la pili limeelekea wapi.

Katika nadharia yake hapakuwa na nafasi ya kitu kama hicho. Kwa Huygens, wimbi la mwanga lilikuwa kama la sauti, kusukumana kwa kwenda mbele. Fikiria foleni ya matatu pale ambapo ya nyuma inaigusa ya mbele, nayo inaigusa iliyo mbele yake. Msukumo kama huo hauna kushoto wala kulia. Ukiuzungusha, ni uleule. Hauwezi kujua jiwe limeelekea wapi.

Sasa fikiria nafasi aliyokuwa nayo. Sehemu ya kitabu inayohusu fuwele imeshaandikwa. Jambo hili la mawe mawili amelivumbua yeye mwenyewe, baada ya kuandika. Mwenyewe anasema hivyo. Na kitabu kilikaa. Kwa maelezo yake katika dibaji, aliwasomea wenzake wa Paris mwaka 1678, lakini hakukichapisha hadi 1690, mjini Leiden, kwa jina *Traité de la lumière*. Alikuwa ameugua mara kadhaa na kurudi kwao. Mlezi wake serikalini, Colbert, alifariki 1683. Mwaka 1685 Ufaransa ikaondoa haki za Waprotestanti, na Huygens hakurudi tena. Anaeleza pia uvivu ambao mwandishi yeyote anaujua: alitaka kukitafsiri kwa Kilatini, alitaka kukiunganisha na kazi nyingine, halafu utamu wa upya ukaisha. Mwishowe akaona ni heri kikitoka kilivyo kuliko kipotee kwa kungoja.

Hiyo ni miaka 12 ya kuweza kufuta sehemu moja tu. Nani angejua?

Hakuifuta. Alieleza jaribio la mawe mawili kwa makini, mzunguko kwa mzunguko, kisha akasema kwamba kuhusu namna linavyotokea, hadi hapo hajapata maelezo yanayomridhisha. Na kwa kuwa hajapata sababu, hataki kwa ajili hiyo kunyamaza. Anaweka jambo lenyewe wazi ili wengine wapate nafasi ya kulichunguza.

*

Kabla sijamfanya malaika, niseme kwamba hakuzaliwa hivyo. Mwaka 1656, akiwa kijana wa miaka 26, alikuwa ameelewa kitu kikubwa kuhusu Zohali: kwamba yale "masikio" ambayo watu walikuwa wakiyaona pembeni mwa sayari hiyo tangu Galileo ni pete nyembamba inayoizunguka bila kuigusa. Alifanya nini? Alichukua sentensi ya Kilatini yenye siri hiyo, akapanga herufi zake kwa alfabeti, a zote saba kwanza, halafu c zote tano, hadi mwisho, akachapisha hilo fumbo. Hakuna mtu angeweza kulisoma. Lakini mwingine akidai pete ni yake, Huygens angefungua fumbo na kusema: mimi nilitangulia. Alilifungua mwaka 1659.

Haikuwa dhambi. Ndivyo watu wa wakati ule walivyolinda jasho lao, hata Galileo alifanya hivyo. Ila naona umbali kati ya watu hao wawili. Kijana wa miaka 26 anaficha anachokijua ili asiibiwe. Mzee wa miaka 60 anaonyesha asichokijua ili mwingine akichukue. Mimi niko karibu na umri wa yule wa kwanza, na sina hata pete ya kuficha.

*

Hapa ndipo ningependa kukuambia kwamba ukweli ulimlipa. Haukumlipa.

Huygens alifariki tarehe 8 Julai 1695. Mwaka 1704 Isaac Newton, ambaye walikuwa wamekutana Uingereza mwaka 1689, alitoa kitabu chake cha mwanga, *Opticks*. Katika maswali aliyoyaongeza mwishoni mwa matoleo yaliyofuata, Newton anaishambulia nadharia ya mawimbi, na anachukua silaha gani? Yale mawe mawili. Anasema ni Huygens pekee anayemjua aliyejaribu kuieleza fuwele hiyo kwa mawimbi, na Huygens mwenyewe amekiri kwamba kwenye mawe mawili amekwama. Akaweka na maneno yenyewe ya Kifaransa. Sijui ya mtu ikawa ushahidi dhidi yake kaburini.

Na Newton hakudanganya. Alimnukuu sawasawa, na hoja yake ilikuwa nzuri: majaribio yale, alisema, yanaonyesha kwamba mwale wa mwanga una pande, na msukumo wa kwenda mbele hauwezi kuwa na pande. Kwa hilo alikuwa sahihi kabisa. Kwa sehemu kubwa ya karne iliyofuata wengi walikwenda na Newton na kokoto zake. Jina lake lilikuwa zito, na upande wa pili ulikuwa umeshasema wenyewe kwamba haujui.

Kwa hivyo mtu akikuambia "sema ukweli, utabarikiwa", muulize kuhusu Huygens. Alisema ukweli, akafa, na ukweli wake ukatumiwa kumpinga.

Kuna hoja nyingine inayoniuma zaidi, kwa sababu ni ya mtaani kwetu. Huygens aliweza kusema sijui kwa sababu hakuwa na kodi ya kulipa tarehe tano. Alikuwa na baba, posho ya mfalme miaka mingi, na nyumba ya kurudia akiugua. Sijui ya tajiri inaitwa unyenyekevu wa mwanasayansi. Sijui ya msichana anayetafuta kazi ya mapokezi, mbele ya watu watatu waliovaa suti, inaitwa hajajiandaa. Watu waleule wanaotuhubiria uaminifu ndio wanaoandika tangazo la kazi ya kuanzia linalotaka uzoefu wa miaka mitano. Unataka nisiongope? Basi acha mlango ambao mkweli anaweza kupita.

Nimekaa na hoja hii muda mrefu na siwezi kuitupa. Sidhani sijui ina bei moja kwa kila mtu. Anayetumia uongo mdogo kuvuka mlango uliowekwa kwa dharau, mimi si hakimu wake.

Lakini yule jamaa wa boda hakuwa mlango. Hakuwa na suti. Hakuwa na uwezo wowote juu yangu. Alikuwa mtu aliyesoma nilichoandika, akakiamini, akaweka macho yake hapo. Nikajikuta natenganisha vitu viwili ambavyo nilizoea kuvichanganya kwa makusudi: kumficha ujinga wangu mwenye nguvu juu yangu, na kumficha anayetegemea neno langu. Cha kwanza kinaweza kuwa ujanja wa kuishi. Cha pili ni wizi, maana unachukua imani yake na humpi kitu.

Ndiyo maana naona sijui ni deni, na anayekudai ni yeyote atakayetenda kwa kutegemea neno lako. Huygens hakuwa anamdai Newton wema. Alikuwa anadaiwa na msomaji wake, yule ambaye angechukua kitabu, aamini kwamba mawimbi yameeleza kila kitu, na kujenga juu yake. Huyo alistahili kuambiwa: hapa msingi una ufa, angalia usije ukaweka nguzo.

Na deni hili halilipwi na sijui yoyote ile. Kuna sijui ya uvivu, ile tunayoitupa darasani ili mwalimu aende kwa mwingine. Kuna sijui ya woga, ya mtu aliyeshuhudia kitu na hataki kuitwa kituoni. Ya Huygens ilikuwa na kazi ndani yake. Alizungusha yale mawe, akahesabu miale, akaandika hasa ni wapi maarifa yake yanaishia. Wahenga walisema kuuliza si ujinga; naongeza kwamba kukiri hujui nako si ujinga, mradi uonyeshe umefika wapi.

*

Mwaka 1808, Paris, mhandisi anayeitwa Étienne-Louis Malus alikuwa akiangalia kupitia fuwele ileile ya Aisilandi, na mbele yake jua lilikuwa linarudi kutoka kwenye madirisha ya kasri la Luxembourg. Alitarajia kuona picha mbili sawa. Alipozungusha fuwele, moja ikafifia, nyingine ikang'aa, kwa zamu. Kumbe mwanga hauhitaji kupita kwenye jiwe ili upate pande. Kurudi tu kutoka kwenye kioo kunatosha.

Jibu likaja na Augustin Fresnel, Mfaransa mwingine, mwaka 1821. Mwanga ni wimbi, kama Huygens alivyosema. Na una pande, kama Newton alivyosema. Kosa lilikuwa kwenye mtikisiko: si wa kusukumana mbele kama foleni ya matatu, ni wa kwenda pembeni. Shika kamba ya kuruka, mwenzako ashike ncha nyingine, itikise juu chini. Wimbi linakwenda kwake, lakini kamba yenyewe inacheza juu na chini tu. Sasa pitisha kamba hiyo katikati ya vijiti viwili vya ua vilivyosimama. Mtikisiko wa juu chini unapita; wa kushoto kulia unakwama. Ndicho kilichokuwa kikitendeka kwenye mawe mawili. Ulikuwa umepita miaka 131 tangu kitabu kichapishwe.

Na ndilo jibu ambalo jamaa wa boda alistahili kupewa. Jua likipiga lami iliyolowa na kurudi, mwanga unaokuja jichoni unatikisika zaidi kwa ulalo. Miwani inayofaa ina lenzi iliyotengenezwa kama ule ua: inazuia ulalo, inapitisha wima. Weusi hauna habari na jambo hilo. Unaweza kuijaribu kabla ya kununua: ivae, shika simu yako ikiwa imewaka, izungushe polepole. Kwa simu nyingi, utafika pembe ambapo skrini inafifia. Isipofifia hata kidogo ukijaribu simu mbili tatu, hiyo ni nyeusi tu. Hapo utakuwa umerudia, barazani kwenu, jaribio la mzee wa The Hague la kuzungusha jiwe moja mbele ya jingine.

Sijui ya Huygens ndiyo iliyoweka anwani. Kama angefuta zile kurasa, pengine mtu mwingine angelikuta jambo lile baadaye. Ulimwengu haukosi watu wadadisi. Lakini kwa zaidi ya karne, yeyote aliyetaka kujua mwanga ni nini alikuta mahali pamewekwa alama: chimba hapa. Newton alichimba akapata pande. Fresnel akachimba akapata mtikisiko. Najua ya uongo hufunga swali, kama nilivyolifunga la miwani kwa neno kitaalamu. Sijui ya kweli huliacha wazi kwa mtu ambaye hutamwona kamwe.

*

Nimezunguka sana, na kuna jiwe la pili ambalo nimekuwa nikilifuta kila mara ninapoandika.

Niliacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilikwisha kwanza, hamu ikafuata, au ilikuwa kinyume. Siku hizi siwezi kutofautisha. Nyumbani nilisema nimesimamisha masomo kidogo. Halafu nikasema nimerudi. Halafu nikasema mahafali ni mwaka ujao. Husemwa njia ya mwongo ni fupi, lakini yangu imetembea zaidi ya miaka miwili, na ingeweza kuendelea kama si kitu kimoja. Mwezi uliopita dadangu aliniambia kwamba kina mama wa chama cha mama wameanza kuchanga kila Jumanne, pesa ya kukodisha matatu waje Nairobi siku yangu ya mahafali. Wameshachagua na kitambaa.

Wakati huo nilikuwa katikati ya kuandika kuhusu Huygens na deni la sijui. Nilikuwa nimeiandika ile sentensi ya yeyote atakayetenda kwa kutegemea neno lako. Niliisoma tena, nikafunga laptopu.

Nilimpigia Jumapili baada ya kanisa. Nilimwambia yote kwa mpangilio, mwaka kwa mwaka, hasa ni wapi nilikoma. Alinyamaza kiasi kwamba nilidhani kredo imeisha. Kisha akauliza: "Kwa hivyo sasa utafanya nini?"

"Sijui, mama. Naandika. Wakati mwingine inalipa. Lakini mbele ya hapo sijui."

"Na mimi nitawaambia nini kina mama?"

Sikuwa na jibu la hilo pia. Alisema atanipigia, akakata.

Makala ya miwani nimeiandika upya, nikamtumia mteja bure, pamoja na ombi amtumie yule jamaa. Hajajibu. Mama naye hajapiga, na hii ni siku ya nne. Sitakuambia kwamba najisikia mwepesi. Najisikia vibaya, ila ubaya wake ni tofauti na wa miaka miwili iliyopita, na bado sijapata neno la kuutofautisha.

Jana jioni dadangu alinipigia. Anasema Jumanne chama kilikutana kama kawaida, na pesa ya matatu haikuchangwa.